Bonde Kwanza au Pwani Kwanza?

Swali: Ndugu Mhariri, ninakusudia kuzuru Ufaransa kwa baiskeli, nipite bonde la mto Loire kisha pwani ya Atlantiki. Je, nianzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, anza na bonde. Njia ya EuroVelo 6, mojawapo ya njia ndefu za baiskeli zinazopita Ulaya, huufuata mto Loire hadi unapoingia baharini karibu na Saint-Nazaire, na kwa kuwa mteremko wake ni mdogo mno, miguu huzoea uzito wa mizigo kabla ya kukutana na vilima vya kusini. Ubaya wake ni upepo, jambo ambalo wanaosifia mandhari hulisahau: huko huvuma zaidi kutoka magharibi, yaani utakuwa wa mbisho sehemu kubwa ya safari, kwa hiyo ondoka alfajiri kabla haujashika nguvu.

Ukifika pwani, geukia kusini kwa EuroVelo 1, inayopita katika misitu ya misonobari hadi Hendaye, mpakani na Uhispania. Mchanga unaopeperushwa njiani hunata kwenye mnyororo uliolowa mafuta; ufute kila jioni kwa kitambaa kikavu, kisha tia tone moja tu kwenye kila kiungo. Tairi nyembamba za mashindano ziache nyumbani.