Mwanafunzi wa umeme ajifunze kuikagua kazi yake kabla hajatoka chuoni

Nimefundisha ufundi umeme wa majumbani kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa fundi wa saiti. Wanafunzi wanaokaribia kumaliza huniuliza wafanye nini ili waajiriwe, nami huwajibu kwamba mkandarasi humtafuta fundi anayeweza kumwacha peke yake ndani ya nyumba ya mtu, asirudi kesho kusikiliza malalamiko.

Hilo nililijua baada ya kumuumiza mtu. Nikiwa na cheti kipya, niliunga taa za nyumba ya vyumba vitatu, nikabonyeza swichi moja moja, zote zikawaka na kuzima, nikakabidhi kazi. Katika chumba kimoja nilikuwa nimepitisha nyutro (waya unaorudisha umeme) kwenye swichi badala ya waya wa moto (unaoleta umeme), kwa hiyo taa ilizimika kama kawaida huku holda ya balbu ikibaki na umeme wa volti 230. Mwenye nyumba alizima swichi, akapanda stuli ili abadilishe balbu, akapigwa shoti, akaanguka na kuvunjika mkono. Ningepima kwa mita kati ya holda na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), swichi ikiwa imezimwa, ningeliona kosa papo hapo. Sikupima, kwa sababu chuoni tulikuwa tumezoea kupewa alama mara taa inapowaka.

Ndiyo maana katika karakana yangu zoezi haliishi taa inapowaka. Mwanafunzi huzima breka, huhakikisha kwa mita kwamba umeme haupo, hupima mwendelezo wa waya wa ethi, yaani kwamba haujakatika popote, hadi kwenye kila soketi, kisha huandika vipimo vyote kwenye daftari lake na kutia sahihi. Baada ya hapo mimi huwatoa wote nje, nikalegeza skurubu ya soketi moja au kubadilisha nafasi za nyaya mbili, nikawaita watafute. Wiki za mwanzo hufungua kila soketi kwa kubahatisha. Baadaye nawaona wakianzia kwenye ubao wa breka, wanaugawa mzunguko katikati, wanapima nusu moja, wakijua kosa liko upande gani kabla ya kugusa bisibisi. Mwanafunzi akifikia hapo, sina wasiwasi naye tena.

Walimu wenzangu, nawaomba pia tuwafundishe kuandaa orodha ya vifaa. Fundi anayemtuma mteja dukani mara tatu kwa siku moja, mara waya wa milimita za mraba 2.5 wa soketi umepelea, mara boksi hazitoshi, haitwi tena hata kama mkono wake ni mzuri.

Kuhusu mafunzo ya vitendo nje ya chuo, nimesikitika mara nyingi kumkuta kijana wetu amemaliza wiki kadhaa akibeba zege. Kosa ni letu tunaomwachia barua na kusubiri ripoti. Siku hizi naenda saiti mwenyewe, tunakubaliana na mkandarasi kwa maandishi kazi ambazo mwanafunzi atazigusa, angalau kupitisha nyaya, kufunga ubao wa breka na kupima ethi, na ninarudi kukagua daftari lake palepale.

Wahitimu wengi hugundua wakiwa wamechelewa kwamba cheti cha chuo pekee hakiwaruhusu kufunga umeme kwenye majengo kwa jina lao, kwani hapa Tanzania kazi hiyo inahitaji leseni ya EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Ukiwa bado mwanafunzi, uliza taratibu na daraja la leseni linalokufaa, na uendelee kuandika daftari lako hata baada ya kuhitimu: tarehe, mahali, kazi uliyofanya, vipimo ulivyopata na sahihi ya fundi aliyekusimamia. Mkandarasi akikuuliza umewahi kufanya nini, mpe daftari hilo alisome mwenyewe.