Mkuu, simamisha hiyo zabuni, usiuze injini

Mkuu, subiri kwanza. Umeandika kwamba chuo chenu cha maendeleo ya wananchi huko Tabora kinafunga ufundi magari, kinauza injini za kufundishia, na hela yote inaenda kwenye kompyuta "ili kuendana na soko la ajira". Halafu ukauliza ada ipangweje, usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, unakwendaje, walimu wa jioni walipwe nini, na kama kompyuta zilizotumika zinafaa. Hayo yanaweza kusubiri. Ila nilipofika hapo kwenye "kuuza injini", chai imenipalia.

Chuo nilichokuwa mratibu wa mafunzo hapa Kigoma kilifanya hivyohivyo, na sahihi iliyopo kwenye karatasi ni yangu. Alikuja mshauri kutoka Dar na projekta yake. Akatuonyesha picha za vijana wenye laptop wanatabasamu, akasema spana zimepitwa na wakati, ajira zote zinahamia kwenye kompyuta. Hakukanyaga gereji hata moja. Alikanyaga hoteli ya ufukweni, akala migebuka, akasaini posho, akapanda ndege. Ripoti ilipokuja, ukurasa wa ndani ulikuwa na jina la mkoa mwingine, kasahau kubadilisha. Na sisi tukaipitisha, kwa sababu ilikuwa na jalada gumu.

Tukauza injini na gari bovu la mazoezi kwa bei ya chuma chakavu. Karakana ikapigwa rangi, ikawekwa vigae na pazia. Kompyuta zikaja. Enzi hizo Kigoma tulikuwa tunaishi kwa majenereta ya dizeli, gridi ya taifa haijatufikia, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kipindi mwalimu anachora kibodi ubaoni. Alichora kweli, na herufi zote alizipanga sawasawa, sina cha kumlaumu.

Vijana wakahitimu wanajua kutaipu barua na kutengeneza jedwali. Wakaenda kuomba kazi stationari. Sasa niambie, stationari zote za Mwanga hapa mjini Kigoma zinahitaji watu wangapi? Na mwenye stationari naye ana mpwa wake. Somo lililoeleweka kuliko yote lilikuwa ule mchezo wa karata unaokuja na kompyuta, bahati mbaya hatukuutungia mtihani.

Linaloniuma zaidi ni hili. Yule mwalimu wa magari tuliyemwambia fani yake imekufa alienda kufungua gereji. Siku moja gari langu likaanza kutetemeka, taa ya injini ikawaka, nikaona haya lakini nikampelekea. Kijana wake mmoja, sidhani kama kamaliza kidato cha nne, akachomeka kidude cha ukubwa wa kiberiti kwenye kitundu kilicho chini ya usukani, akafungua simu yake. Ikasoma P0301. "Mzee, silinda ya kwanza haichomi." Nikajua sasa ataniambia ninunue kila kitu. Hapana. Akang'oa koili ya silinda ya kwanza, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, akaihamishia ya pili, ya pili akaileta ya kwanza, akafuta ile namba ya hitilafu, akawasha, akaacha injini ingurume kidogo, akapima tena. Safari hii ikaja P0302. Tatizo limehama pamoja na koili, basi koili ndiyo mbovu, plagi na injekta hazina kesi. Nikanunua koili moja, nikalipa ufundi, nikaondoka kimya.

Hiyo ndiyo kompyuta soko lililokuwa linaitaka, mkuu! Ilikuwa gereji, ina grisi, na hela ya kompyuta yetu moja ingetosha kununua vidude vile vya darasa zima. Wala si teknolojia ya jana: Marekani walishalazimisha kitundu hicho kwenye magari mapya tangu 1996. Sisi tulikuwa bado tunamfundisha kijana kusafisha kabureta, wakati gari zinazoshuka bandarini zina injekta na sensa kila kona. Kijana akikosa kazi tunasema fani imekufa. Fani ilikuwa hai, sisi ndio tulikuwa tunafundisha ya zamani.

Kwa hiyo KAA GEREJI KWANZA. Usifunge fani, usifungue fani, usinunue hata msumari kabla hujaenda kukaa na wenye karakana wa hapo mjini kwenu ukawauliza: vijana wetu waliokuja kwako field walishindwa nini? Usiulize "soko linahitaji nini", watakujibu kama wanahojiwa na redio. Uliza walishindwa nini. Fundi ataanza kucheka, kisha atakutajia mtaala mzima. Kwa mafundi cherehani ni hivyohivyo, waulize nani anaweza kutunga nyuzi za ovaloki bila kuita mtu.

Na yule mdau aliyekujibu kabla yangu, anayekushauri ufungue kozi ya ujenzi wa SGR, ile reli ya kisasa, namheshimu, lakini mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Ujenzi una mwisho. Kijana utakayemfundisha kufunga nondo za madaraja ataenda wapi reli ikishatandikwa? Mmemuuliza mkandarasi, au mmeona kwenye taarifa ya habari? Kaeni gereji kwanza, hata kama gereji yenyewe ni kambi ya mkandarasi.

Najua kuna atakayesema mafundi wa mtaani hawana vyeti, chuo hakiwezi kuwatumia. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, tafuteni ofisi yao muulize. Vyuo hivi vyetu vya maendeleo ya wananchi vilianza 1975, tukaiga kwa Waswidi, ili mwananchi ajifunze kitu cha kumsaidia hapohapo alipo. Sijui projekta iliingilia mlango upi. Akija kwenu mwenye nayo, mpe spana namba kumi mkononi umuulize inafungua nini.

Umesema zabuni inafunguliwa Ijumaa. Mwandikie mkuu wa chuo leo hii aisogeze mbele, na hizo injini mzifunike turubai, mvua zisije zikazikuta nje.