Maswali ya Wasomaji: Kuigiza kwa Kiswahili Ukiwa Masomoni Uingereza

Safari hii tumekusanya maswali ya wanafunzi wa sanaa za maonyesho walioko Uingereza. Wengi mmeuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: mchezo wa Kiswahili uchezwe vipi mbele ya watu wasiokijua, bila kuugeuza kuwa wa Kiingereza? Tumeanza na hilo na kulipa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia.

Shikamooni wahariri. Niko mwaka wa 2, London. Mradi wangu ni mchezo wa dakika 60 kwa Kiswahili, waigizaji 4, ukumbi wa viti 70. Mwalimu amekubali mradi niweke tafsiri ya Kiingereza ukutani. Nina projekta ya chuo na kompyuta yangu. Naanzia wapi?

Marahaba. Umefanya vyema kushikilia Kiswahili, na usikubali kushawishiwa uchanganye lugha "ili wote waelewe". Mwigizaji anayerukaruka kati ya lugha mbili hupoteza mapigo ya sentensi, na sauti yake husikika kama anasoma.

Njia ni mbili. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe, London, ulialika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, na The Merry Wives of Windsor ukachezwa kwa Kiswahili na kundi kutoka Kenya. Pale hawakutafsiri neno kwa neno. Ubao ulionyesha muhtasari mfupi wa kila onyesho, yaliyobaki yakaachiwa waigizaji. Njia hiyo hufaa hadithi ambayo watu wanaijua au inayobebwa na matendo. Kwa kuwa mchezo wako ni mpya, tumia ya pili: manukuu, yaani tafsiri ya sentensi kwa sentensi inayoonyeshwa ukutani.

Tafsiri yanayosemwa jukwaani, si yaliyo kwenye muswada. Subiri waigizaji washike maneno, rekodi mchezo mzima kwa simu siku ya mazoezi, ndipo uandike. Kila slaidi iwe na mistari isiyozidi 2, na kila mstari herufi 40 hivi pamoja na nafasi. Slaidi iliyojaa namna hiyo humchukua mtazamaji sekunde 5 au 6 kuisoma. Mwigizaji akiyasema maneno hayo kwa sekunde 3, kata. Tarajia kuondoa kama theluthi ya maneno yote.

Wengi hukata penye maana na kubakiza mapambo. Chukua mama anayefoka: "Nimekwambia mara ngapi, wewe mtoto wewe, usichezee kisimani, kisima hakina rafiki!" Kwenye slaidi inatosha sentensi fupi ya kumkataza asisogelee kisima. "Wewe mtoto wewe" kipo kwenye kidole cha mama, na "mara ngapi" kipo kwenye sauti yake. Lakini ikiwa mtoto atakuja kuzama onyesho la 4, basi "kisima hakina rafiki" ndiyo sentensi ya kubakiza, na ile ya kukataza ndiyo ya kutupa. Huwezi kujua ipi ukate kama hujui mchezo unaelekea wapi, kwa hiyo usimpe kazi hii mtu wa nje. Maamkizi, viapo vya kila mara na kuitana majina usitafsiri, macho yanaona.

Angalia pia siri. Kiambishi "a-" hakisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke, Kiingereza kinalazimisha kusema. Kama mgeni anayesubiriwa hajulikani jinsia mpaka atokee, slaidi moja tu itaumwaga mchezo. Tumia cheo chake au panga sentensi upya.

Vichekesho vigawe slaidi mbili: chambo kwenye ya kwanza, kilipuzi kwenye ya pili, na ya pili itoke mwigizaji anapotamka, si kabla. Ukiweka vyote pamoja, wasiojua Kiswahili watacheka kabla mwigizaji hajamaliza, na kicheko chao kitafunika maneno ambayo wenye Kiswahili wanayasubiri. Nyimbo na mashairi usiyafuate ubeti kwa ubeti. Weka slaidi moja ya kiini mwanzoni, kisha acha ukuta uwe mweusi watu wasikilize.

Sasa mitambo. Herufi nyeupe iliyofifishwa kidogo juu ya weusi, mwandiko usio na vikorombwezo. Mstari wa mwisho wa viti ukiwa mita 10 kutoka ukutani, herufi kubwa yenye kimo cha sentimita 5 husomeka vizuri. Chini ya 3 watu hukunja macho. Maandishi yakae juu kidogo tu ya vichwa vya waigizaji. Ukiyapandisha karibu na dari, hadhira itatazama dari saa nzima. Hakikisha taa za jukwaa haziangukii eneo hilo, kwani hakuna projekta ya chuo inayoshindana na taa iliyowashwa juu ya ukuta mweupe.

Kosa ambalo karibu kila mmoja hulifanya: kudhani slaidi nyeusi ni giza. Projekta nyingi huvujisha mwanga wa kijivu hata zikionyesha weusi mtupu, na taa zikizimwa kwa onyesho la usiku utaona mstatili wa kijivu umening'inia hewani. Dawa yake ni kipande cha kadibodi nyeusi mbele ya lenzi, kwenye bawaba au mkononi mwa mtu, kiifunike kila panapohitajika giza kamili. Kisiguse lenzi, ina joto.

Mbonyezaji wa slaidi lazima ajue Kiswahili na ahudhurie angalau mazoezi 3 ya mwisho. Usimpe fundi taa asiyejua lugha eti kwa kuwa amekaa jirani na kompyuta. Andika namba ya kila slaidi pembeni mwa muswada wake. Mwigizaji akiruka ukurasa mzima (na siku moja ataruka), kwenye PowerPoint mbonyezaji anaandika namba ya slaidi anayoitaka na kubonyeza Enter, anafika bila watazamaji kuona zinazopita. Herufi B huzima picha papo hapo. Zima arifa zote, zima hali ya kompyuta kulala, chomeka chaja. Mwigizaji akianza kubuni maneno yake, mbonyezaji aache ukuta mtupu. Kuonyesha sentensi isiyosemwa ni vibaya kuliko kutoonyesha kitu.

Habari zenu. Nina ngoma ya ngozi ya mbuzi, ya vigingi, niliyotoka nayo Tanga. Hapa Leeds siku nyingine imelegea kama gunia, siku nyingine imekaza hadi nasikia inalia pembeni kwenye vigingi. Ukumbini moto hauruhusiwi. Nifanyeje?

Ngozi hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Nje kuna ubaridi wa mvua, inalegea. Ndani kuna hita za ukutani zinazokausha hewa, inajivuta. Hatari kubwa ni hiyo ya pili. Ngozi ikikauka ghafla ikiwa imewambwa sana, hupasukia pale penye tundu la kigingi, na mpasuko wa hapo hautibiki bila kuwamba ngozi mpya.

Nunua kipima unyevu kidogo, kiweke chumbani karibu na ngoma. Kati ya asilimia 40 na 60 uko salama. Ikishuka chini ya hapo wakati wa baridi, isogeze ngoma mbali na hita, ifunike kwa kanga nzito, weka bakuli la maji chumbani. Siku ya onyesho ifikishe ukumbini saa 2 au 3 kabla, izoee hewa ya pale. Bado imelegea? Draya ya nywele, moto mdogo, umbali wa sentimita 30, ukizungusha mkono muda wote kwa dakika 2 au 3, kisha ipige na usikilize. Usiielekeze sehemu moja hata kidogo, na anzia katikati, si kwenye vigingi. Kuiacha chini ya taa za jukwaa nako hukaza, lakini huna namna ya kupunguza, na ikifika onyesho la 3 sauti imepanda kupita waimbaji wako.

Wanaopanga kusafiri na ngoma: ngozi iliyobaki na manyoya au isiyotengenezwa vizuri inaweza kuzuiwa forodhani, kwa hiyo itangaze, usiifiche. Ngoma za kamba zilegezwe kabla ya kupanda ndege. Wenye vinyago vya mpingo pia mmeuliza. Mpingo umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, ila ala za muziki zilizokamilika zimesamehewa, vilevile bidhaa zilizokamilika ambazo mbao yake haizidi kilo 10 kwa shehena moja. Weka risiti ya duka, kwani Tanzania nayo ina taratibu zake za mazao ya misitu. Gamba la kasa na pembe za ndovu msiguse kabisa, hata kama ni urithi wa bibi.

Nataka paa la makuti na kanga nyingi zinazoning'inia jukwaani. Meneja wa ukumbi amekataa, anasema moto. Kuna njia?

Ana haki. Kumbi za Uingereza hudai kila kitu cha mandhari kiwe kimetiwa dawa ya kuzuia moto, na makuti makavu ni kuni zilizotandazwa. Kanga za pamba zinawezekana: zifue kuondoa wanga wa dukani, zitie dawa ya kitambaa, zianike zikauke kabisa. Jaribu pembeni kwanza, maana dawa nyingine huacha ukungu mweupe kwenye rangi nyeusi na nyekundu. Dawa nyingi za aina hii ni za chumvi, zikifuliwa zinatoka, basi usizifue tena mpaka maonyesho yaishe. Kabla ya kumwita meneja kata kipande kidogo, nenda nje, kishike kwa koleo na ukiwashie moto kwa sekunde kadhaa. Ukiondoa moto na kitambaa kikaendelea kuwaka, rudia dawa. Hifadhi chupa na maelezo yake, atauliza.

Makuti tunakushauri uyaache. Omba taa ya profaili na gobo, kile kibati chembamba kilichotobolewa umbo, uangushe kivuli cha majani ya mnazi sakafuni. Kina uzuri wake, na hakina uzito wa kubeba. Koroboi nayo itiwe taa ndogo ya betri ndani.

Ndugu wahariri, Waswahili wa hapa wananiita nicheze ngoma na kuwa MC kwenye harusi zao, wananilipa. Nina visa ya mwanafunzi. Ni sawa?

Hapana, ndugu yetu, acha mara moja. Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, lakini si kujiajiri, wala si kazi ya utumbuizaji. MC wa harusi anaingia kote kuwili. Usidhani kutopokea pesa kunakusalimisha. Kuigiza kama sehemu ya masomo yako ni jambo jingine, na mafunzo ya kazini yanayosahihishwa na chuo yana kanuni zake. Kabla ya kukubali mwaliko wowote, peleka maelezo yake kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni na uombe jibu la maandishi. Kazi za mlangoni, za tiketi au za karakana ya mandhari, ukiwa mwajiriwa ndani ya saa zako, hazina shida hiyo, na karakana itakufundisha mengi.

Kundi letu linataka kwenda Fringe ya Edinburgh mwezi Agosti. Mchezo wetu ni wa dakika 75 na una mandhari ya nyumba nzima. Tutaweza?

Kwa umbo hilo, hapana. Tamasha hilo lilianza 1947 pale vikundi 8 vilipojitokeza bila mwaliko kando ya tamasha kuu, na hadi leo yeyote aliyepata ukumbi anaweza kucheza. Ukumbi mmoja hupokea makundi mengi kwa siku. Kati ya moja na jingine mnapata dakika 10 hadi 15, na humo mnaingia, mnapanga, hadhira inakaa. Lengeni dakika 50. Mandhari iwe ile ambayo watu 2 wanaipanga kwa dakika 4: mikeka ya kukunjua, vigoda, kamba moja ya kanga. Fanyeni mazoezi ya kupanga na kupangua kwa saa kama mnavyofanya ya maneno. Muda wenu wa kujaribu taa ukumbini utakuwa mfupi sana, kwa hiyo taa 12 zilizofikiriwa vizuri zitawafaa kuliko 60. Malazi ya Agosti ni ghali na huisha mapema. Na suala la visa tulilojibu hapo juu linawahusu, hasa mgao wa pesa za tiketi.

Nikiigiza tamthilia ya mtu darasani, nahitaji ruhusa? Na nikialika Watanzania wa mjini?

Darasani, mbele ya walimu na wanafunzi wa chuo, sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1988 haihesabu kuwa ni onyesho la hadharani. Ukifungua mlango kwa umma, hata bure, unahitaji kibali. Wazazi nao huhesabiwa watu wa nje. Kule ulinzi wa hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, na tafsiri ina haki zake yenyewe: Shakespeare yuko huru, lakini tafsiri zake za Mwalimu Nyerere, aliyefariki 1999, bado zinalindwa. Mwandikie mchapishaji miezi 3 kabla, utaje idadi ya viti, siku za onyesho, bei ya tiketi, na kama utaonyesha manukuu ya Kiingereza, maana hayo nayo ni tafsiri inayohitaji kukubaliwa.