Je, baba yangu alikimbia Lukaya?

SWALI: Shikamoo mzee. Baba yangu aliondoka kijijini kwetu Iramba mwishoni mwa 1978 akiwa mgambo, mimi nikiwa bado tumboni. Barua yake moja tu ndiyo iliyotufikia. Anasema wameshaingia Masaka na mvua haikatiki. Nilizaliwa Aprili 1979, mama akiwa ameshapata habari kwamba mumewe amefia Lukaya, huko Uganda, mwezi uliotangulia. Juzi, msibani, mzee mmoja alisema mbele za watu kwamba mgambo wa Lukaya walikimbia, ndiyo maana wakafa. Tangu siku hiyo mama hali vizuri. Naomba ukweli, hata ukiwa mchungu. Na baba amelala wapi?
Binti wa mgambo, Singida

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe mama pole yangu. Mimi nilikuwa mtu wa simu za upepo katika vita vile vya Kagera, tulipopigana na Idi Amin wa Uganda, na usiku ule wa Lukaya nilikuwa nyuma kidogo ya mstari, upande wa Masaka.

Masaka tuliiteka tarehe 24 Februari. Ukitoka hapo kwenda Kampala, mbele ya Lukaya barabara inakuwa tuta katikati ya bwawa la mafunjo, maji kushoto na kulia. Tarehe 10 Machi Brigedi ya 201 ilipelekwa kushika mahali pale. Karibu yote ilikuwa mgambo, wakulima na wachungaji waliotolewa vijijini miezi michache nyuma. Mbele yao kulikuwa na askari wa Amin pamoja na Walibya, wana vifaru na roketi. Roketi za kwetu tuliziita saba saba, zikipita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa adui. Siku ile zilikuja upande wetu. Mistari ikavunjika, watu wakaiacha barabara. Hilo ni kweli, sitakuficha.

Lakini mzee wenu ameishia usiku. Usiku huohuo watu wa 201 walikusanywa wakapangwa upya, na Brigedi ya 208 ikalizunguka bwawa na kutokea nyuma ya adui, kwenye barabara ya Kampala. Tarehe 11 wakapigwa pande mbili, na waliopiga kwa mbele ni walewale mgambo wa 201. Njia ya Kampala ilifunguka pale. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, mji ukaanguka.

Nikusimulie mmoja wao, kijana wa Kondoa aliyekuwa akinibebea betri kabla hajarudishwa kombania yake. Kwao alifanya gwaride kwa bunduki ya mti. Buti alizopewa zilikuwa kubwa, akawa anazikaza kwa kamba za mgomba. Ndizi za kupika zilimshinda kabisa, kila siku anaulizia ugali. Usiku ule alitokea gizani kwangu pekupeku, buti zimebaki kwenye tope la bwawa, lakini bunduki ameishika juu ya kichwa, kavu. Neno lake la kwanza: "Afande, wenzangu wako wapi?" Nikamwonyesha. Alfajiri alirudi mbele na wenzake, vilevile bila viatu. Kabla ya adhuhuri nilimfunika kwa turubai mimi mwenyewe. Alikuwa mrefu, miguu ikabaki nje, na tope lilikuwa limeshakauka katikati ya vidole. Nimekaa na vidole vile miaka yote hii, na mtu akisema "mgambo walikimbia" ndivyo ninavyoviona.

Kuhusu kaburi: mashujaa wetu zaidi ya 600 wa vita vile wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Nenda kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya yenu na jina kamili la baba, kijiji alikotoka, na namba yake ya jeshi kama imo kwenye ile barua (itazame hata nyuma ya bahasha). Mwombe akuandikie Makao Makuu ya Jeshi. Usipande basi kabla ya jibu, mama asije akazunguka makaburini bure. Jibu likija, basi la Bukoba linalopitia Biharamulo linapita Muleba.

Na yule mzee, mwendeeni nyumbani kwake wewe na mama, jioni, bila watu. Mwambieni habari za asubuhi ya tarehe 11.