Ulizia Jeni za Uvimbe Kabla ya Kuulizia Dawa

Kaka yangu alipogundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kufika kwenye ini, mimi ndiye niliyebeba faili lake, na kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba saratani ya kiungo kimoja ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa akipewa cetuximab na uvimbe wake ulikuwa umepungua, nami nikamwuliza daktari kwa nini kaka anyimwe dawa hiyo. Alinijibu kwamba tusubiri majibu ya jeni, jibu ambalo nililiona kuwa ni kisingizio cha kutuchelewesha.

Sikuwa na haki. Cetuximab na panitumumab huziba EGFR, kipokezi kilichoko kwenye ukuta wa seli, ambacho hupokea amri ya kugawanyika na kuipeleka ndani. Protini ya KRAS ni tarishi aliye ndani; jeni yake ikibadilika, tarishi huyo huendelea kutoa amri hata pasipo na aliyemtuma, na kuuziba mlango wa nje hakumzuii. Takriban wagonjwa 4 kati ya 10 wenye saratani iliyosambaa wana KRAS ya namna hiyo, na kaka alikuwa mmoja wao. Kama ningesikilizwa, angeambulia vipele vya ngozi na gharama, bila nafuu yoyote.

Kwa hiyo omba mapema majibu ya KRAS, pamoja na NRAS na BRAF, jeni nyingine mbili za njia hiyo hiyo ya amri, wala usiridhike na karatasi inayosema tu kwamba jeni fulani imebadilika: uliza ni badiliko lipi. Wachache wenye badiliko la KRAS liitwalo G12C sasa wana dawa zao. Marekani iliidhinisha adagrasib, dawa inayoizuia KRAS hiyo, pamoja na cetuximab mwaka 2024 kwa wale waliokwisha kupata tibakemikali. Cetuximab hurudi hapo kwa sababu KRAS ikizuiwa peke yake, seli huchochea upya njia ya EGFR. Hali hiyo ilikwisha kuonekana kwenye V600E, badiliko la jeni ya BRAF: dawa za kuizuia zilifanya kazi peke yake katika saratani ya ngozi ya melanoma, lakini katika utumbo zikashindwa, hadi encorafenib, mojawapo ya dawa hizo, ilipounganishwa na cetuximab, mseto ulioidhinishwa mwaka 2020.

Kipimo kingine cha kudai ni kile cha uwezo wa seli kurekebisha makosa ya DNA, kinachoandikwa MSI au MMR. Uvimbe wenye kasoro katika urekebishaji huo ni wachache miongoni mwa saratani zilizosambaa, lakini mara nyingi huitikia vizuri tiba inayoamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumab, ambayo huweza kutangulizwa badala ya tibakemikali.

Nilipoona neno jeni kwenye karatasi ya kaka, niliogopa kwamba nami ninayo. Badiliko lake la KRAS lilizuka ndani ya uvimbe wenyewe. Si la kurithi. Kasoro za MLH1, MSH2, MSH6 au PMS2, jeni zinazosimamia urekebishaji ule wa DNA (MMR), kwa upande mwingine, zaweza kurithiwa, kwa hiyo MMR ikionekana na hitilafu, ulizia pia kipimo cha damu cha kurithi na ushauri kwa ndugu wa mgonjwa.

Mwisho, uliza kipande cha uvimbe kilichokatwa kimehifadhiwa wapi na kama kinatosha kupimwa. Chetu kilikuwa kidogo mno, ikabidi kaka achomwe sindano nyingine ya ini ili kipimo kifanyike.