Biti ya dhahabu ikifa, chunguza chuma kilicho chini yake

Mafundi wenzangu wa Tanga, hasa mnaotengeneza vipuri vya korona, zile mashine za kutoa nyuzi za mkonge: biti ya kutobolea chuma yenye utando wa rangi ya dhahabu ikifa, lawama ya kwanza huenda kwenye rangi. "Dhahabu imebanduka, feki hiyo." Feki zipo sokoni, na rangi peke yake haithibitishi kitu. Lakini biti nyingi nilizozichunguza kwa lenzi, chuma ndicho kilichotangulia kushindwa.

Utando ule ni titani naitraidi. Ugumu wake ni karibu mara tatu ya haispidi, yaani chuma cha biti yenyewe, ila unene ni mikroni (elfu ya milimita) chache tu, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na chuma. Kikilainika kwa joto kinabonyea, na utando unapasuka kama saruji nyembamba iliyomwagwa juu ya mchanga. Haispidi hupoteza ugumu ikikaribia nyuzi 600 za Selsiasi, na makali hufika huko wakati shina bado unalishika kwa mkono. Biti ya milimita 10 kwenye chuma laini inatosha mizunguko kama 950 kwa dakika. Kwenye stenlesi punguza hadi nusu au chini zaidi, na usisite kukandamiza: biti ikisugua bila kukata, stenlesi inazidi kuwa ngumu, kisha inaganda kwenye makali na kung'oka na utando.

Basi soma maiti ya biti. Makali yamelala? Joto. Yamemeguka kipande? Kazi haikubanwa vizuri, au mashine inatikisika. Utando umetoka kama magamba na chuma chini yake kizima, makali yamesimama? Hapo ndipo umlaumu aliyeipaka, maana huenda chuma hakikusafishwa vizuri.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine. Utando una vitundu visivyoonekana, na hewa ya chumvi hupenya humo ikaanzisha kutu chini kwa chini. Pakeni mafuta biti zote kabla ya kuziweka stoo, hata zile mpya.

Wakati wa kunoa, gusa jiwe kidogo kidogo. Tabia ya kuichoma mpaka iive kisha kuichovya kwenye maji inaniuma sana, kwa sababu inatia nyufa ndogo ambazo hazionekani mpaka biti ivunjikie ndani ya kazi. Na ukishanoa usiitupe kwa kuwa ncha imekuwa nyeupe: utando wa ndani ya mifereji, kunakopita chuma kinachokatwa, bado upo.