Jibu: Vivutio vya Lushoto kwa anayetoka Dar es Salaam

Ndugu, umeuliza iwapo safari ya Lushoto ina cha kuona zaidi ya bustani za matunda. Kipo, tena kingi. Ukipanda basi la asubuhi pale Mbezi Luis utapita Chalinze na Segera hadi Mombo, ambako lami inaacha tambarare na kupanda milima ya Usambara kwa kona nyingi; keti upande wa dirisha, na ukifika Soni yatazame maporomoko yaliyo karibu na barabara.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni Irente, kilomita zipatazo 5 kutoka mjini, kwani ukisimama ukingoni mwa jabali unaiona nyika ya Mazinde ikiwa chini yako kabisa, na jua linapotua ukimya wake hauelezeki. Msitu wa Magamba unafaa kwa matembezi, ila chukua mwongozaji wa hapo. Kijiji cha Mtae nacho kipo, ila ni mbali zaidi.

Kuhusu matunda, plamsi hupatikana kwa wingi kuelekea mwisho wa mwaka; peasi na fyulisi pia zipo kwa misimu yake, na hununuliwa kwa wakulima wenyewe. Beba sweta, maana baridi ya Juni na Julai si ya kwetu Dar.